Grazalema: mvua nyingi kuliko kote Hispania, halafu msitu unafungwa kwa hofu ya moto. Mtu aende mwezi gani?

#1 Mpanda Vilima
Wakuu, salaam.

Nauliza wanaoijua milima ya mkoa wa Cádiz, kusini mwa Hispania. Kijiji ni Grazalema, mita 800 hivi juu ya bahari, nyumba nyeupe chini ya jabali, wakazi kama elfu mbili ukijumlisha na Benamahoma, kijiji kidogo cha jirani. Kila unaposoma habari zake unaambiwa ndiko kunakonyesha kuliko kote Hispania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini ukitaka kuingia msitu wa pinsapo, mti wa koni ulio ndugu wa msonobari, mwezi Julai, jibu ni kwamba njia imefungwa kwa hatari ya moto. Inafungwa tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Oktoba.

Maswali mawili. Mvua yote hiyo inakwenda wapi? Na mtu anayefunga safari kutoka Dar au Nairobi, mwezi upi unamfaa? Mimi nasema Mei, na sioni mwezi mwingine unaoikaribia.

#2 Mwamba Chokaa
La kwanza lina majibu mawili yanayoshikana.

Kwanza, mvua hiyo haijagawanywa mwaka mzima. Inashuka Oktoba hadi Aprili, tena kwa siku chache zenye kishindo. Julai na Agosti karibu hakuna kitu. Pili, mlima wenyewe ni chokaa na dolomiti (mwamba wa jamii ya chokaa), umejaa nyufa na mashimo. Maji hayakai juu ya ardhi, yanazama.

Anayetaka kuona kwa macho aende Montejaque, upande wa Ronda. Miaka ya 1920 walijenga ukuta wa bwawa wa zaidi ya mita 80 ili wafue umeme. Maji yakaingia kwenye pango la Hundidero na kutokea Cueva del Gato, karibu na Benaoján, mwendo wa kilomita zaidi ya 4 chini ya mlima. Wakajaribu kuziba nyufa kwa saruji, maji yakapata njia nyingine. Ukuta bado umesimama na bwawa halikufanya kazi iliyokusudiwa.

Maana yake kwa mtembezi: usitegemee kijito njiani, hata kama wiki iliyopita ilinyesha usiku kucha. Beba lita 2 kwa kichwa siku ya baridi, 3 kukiwa na joto. Maji yaliyozama juu utayakuta chini, kwenye chemchemi kubwa ya Benamahoma, inayobubujika hadi kuwa mto papo hapo.

#3 Upepo wa Magharibi
Nimekusoma #2. Naongeza kwa nini inanyesha hapo na si jirani. Upepo wenye unyevu unatoka Atlantiki, kusini magharibi. Toka ghuba ya Cádiz unapita juu ya tambarare na vilima vidogo, halafu ghafla unakutana na Sierra del Pinar, safu ya milima ambayo kilele chake, Torreón, ni karibu mita 1,650. Unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga. Ronda iko ng'ambo ya pili, kilomita 30 hivi kwa barabara, na inapata chini ya nusu ya mvua ya Grazalema. Habari ndiyo hiyo.

#4 Bi Zamzam
Haijaisha, kaka yangu. Kama ni urefu tu, Sierra de las Nieves ina kilele cha Torrecilla, mita 1,919, na haipati mvua hiyo. Wanaoisoma ramani vizuri wanataja umbo: mabonde ya upande wa El Bosque na Ubrique yanafunguka kuelekea bahari kama mdomo wa faneli, upepo unabanwa unapopanda kuelekea Puerto del Boyar, kipito cha mlimani chenye mita 1,103. Urefu bila mdomo huo usingetosha.

#5 Upepo wa Magharibi
Bi Zamzam, Torrecilla iko nyuma, upepo unafika pale umeshajimwaga. Hapo urefu haujashindwa, umechelewa tu foleni.

#6 Karani wa Mvua
Wote wawili mnasahau kipimo kiko wapi. Kijiji cha Grazalema kiko mashariki ya mlima, yaani upande wa mgongo ukihesabu unakotoka upepo. Mvua inayopimwa pale ni ile iliyovuka. Kwa hiyo inawezekana sehemu yenye mvua kuliko zote si kijiji, ni miteremko ya juu ambako hakuna mtu wa kusoma chombo kila asubuhi. Na sifa ya "kuliko kote Hispania" inategemea umechukua miaka ipi: kuna vituo vya Galicia vinavyoikaribia au kuipita ukibadilisha kipindi.

Kwa msafiri haibadilishi kitu. Beba koti la mvua la kweli, mwavuli haufai pale Boyar, upepo unaugeuza.

#7 Mpanda Vilima
Asanteni. Nayashika yote matatu kwa sasa. Turudi kwenye kufika, na kibali cha kuingia msituni.

#8 Dereva wa Kona
Kufika: kwa treni unashukia Ronda, kwenye njia ya Bobadilla kwenda Algeciras. Kutoka Ronda kuna basi la Grazalema lakini ni mara chache kwa siku, na Jumapili hupungua. Angalia ratiba kabla ya kulipia chumba. Wengi hukodi gari uwanja wa ndege wa Málaga, Sevilla au Jerez. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya achukue pia kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mwenye gari la kukodi akikiuliza huna pa kukipata huko.

Barabara ni mbili za kujua. A-372 inatoka El Bosque, inapita Benamahoma, inapanda Boyar na kushuka Grazalema. Ya pili ni CA-9104, kutoka juu ya Grazalema kwenda Zahara de la Sierra kupitia Puerto de las Palomas. Hii ya pili ni nyembamba, ina kona za kukunjana kabisa, na upande wa Zahara unashuka mfululizo. Shuka kwa gia ya pili, usikalie breki. Zikipata moto huko chini zinalegea. Baada ya mvua kubwa kuna mawe barabarani, na mbuzi na ng'ombe wapo siku zote. Ukungu ukishuka Boyar, washa taa za chini, kwani taa za juu zinakurudishia weupe tu.

Kijijini usiingize gari kwenye vichochoro. Acha kwenye maegesho ya pembeni, tembea.

#9 Msitu wa Ukungu
Njia ya El Pinsapar, ile inayopita msitu wa pinsapo, kwa wanaoiulizia:

Inaanzia CA-9104, kilomita chache juu ya Grazalema, penye maegesho karibu na machimbo ya zamani ya mawe. Ni kilomita 10 na ushee hadi Benamahoma. Mwanzo wake ndio mgumu: unapanda takriban mita 300 ndani ya misonobari iliyopandwa, jua likiwa mgongoni. Ukifika juu, kwenye mbonyeo kati ya vilele, njia inageukia upande wa kaskazini na hapo pinsapo zinaanza. Kisha ni kuteremka muda mrefu. Hesabu saa 4 na nusu hadi 5, bila kukimbia.

Kibali: kinatolewa na ofisi ya hifadhi. Unaomba mtandaoni kupitia Junta de Andalucía, yaani serikali ya jimbo, au kwenye kituo cha wageni cha El Bosque. Ni kwa tarehe moja maalum, kwa majina na namba ya pasipoti, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Siku zinazojaa mapema ni Jumamosi zote, Wiki Takatifu, 28 Februari (sikukuu ya Andalucía), 1 Novemba, na zile za 6 na 8 Desemba ambazo Wahispania huunganisha kuwa mapumziko marefu. Chagua Jumanne au Jumatano. Tembea na kibali pamoja na pasipoti, walinzi wanakagua.

Kosa linalowakuta wengi: njia ni ya kwenda tu, na gari limebaki juu. Benamahoma hadi maegesho ni mlima tena. Panga teksi kabla hujaanza, kwa sababu ndani ya bonde simu hupoteza mtandao. Au nenda hadi katikati ya msitu na urudi ulikotoka. Msitu wenyewe utakuwa umeuona. Sehemu ya mwisho kabla ya Benamahoma ni mialoni na misonobari ya kawaida.

#10 Tai Mkongwe
#1, Mei yako ina tundu. Garganta Verde umeisahau.

Lile ni korongo upande wa Zahara, njia inaanzia CA-9104 hiyohiyo. Kilomita 2 na nusu kushuka hadi chini, na kilomita hizohizo kupanda kurudi, kwenye mwinuko mkali. Chini kuna pango la Ermita, lenye mwamba wa rangi ya waridi. Kwenye genge lake tumbusi wa Ulaya wanazaa, mojawapo ya makundi makubwa ya eneo hilo. Kwa hiyo sehemu ya chini hufungwa kwa ajili ya mazalia tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho wa majira ya kuchipua, halafu kabla hujapumua moto nao unaifunga. Mwezi Mei utaishia kwenye sehemu ya juu.

Anayetaka Pinsapar na Garganta Verde yote kwa safari moja ana dirisha dogo: baada ya 15 Oktoba hadi mwisho wa Desemba.

#11 Mpanda Vilima
Mkuu, dirisha hilo ndilo #2 amesema linanyesha kwa kishindo. Na Desemba jua linazama saa 12 na dakika chache jioni. Ukianza Pinsapar saa 6 mchana umejitafutia giza.

#12 Tai Mkongwe
Anza saa 3 asubuhi basi. Mtu hapandi mlima saa 6 mchana mwezi wowote.

#13 Bi Zamzam
Kuhusu moto sijaridhika na maelezo ya #2 peke yake. Mvua nyingi za baridi ndizo zinazoleta moto: zinaotesha nyasi na vichaka, kisha miezi minne mikavu inavigeuza kuni. Mwaka wenye masika mazuri ndio mwaka wa kuogopa Agosti.

#14 Karani wa Mvua
Upo sahihi kwa nyasi, ila tarehe zile hazikuwekwa kwa ajili ya Grazalema. 1 Juni hadi 15 Oktoba ni msimu wa hatari kubwa ya moto kwa Andalucía nzima. Grazalema wanaufuata kama wengine, wawe wamenyeshewa au la.

#15 Msitu wa Ukungu
Msisahau mti wenyewe. Pinsapo ukiungua hauchipui tena kutoka kwenye kisiki, na koni zake hazihifadhi mbegu kusubiri moto kama baadhi ya misonobari. Septemba 2021 Sierra Bermeja iliungua karibu hekta 10,000, zimamoto mmoja akafa, na Sierra Bermeja ni moja ya milima mitatu tu duniani yenye pinsapo wa asili. Mingine ni Sierra de las Nieves na hapa Grazalema. Ng'ambo ya bahari, kwenye milima ya Rif, Morocco, kuna ndugu yake wa karibu. Ukiwa na milima mitatu pekee, tarehe za kalenda huzivutii upande wako.

Kuutambua: majani mafupi, magumu, yamezunguka kijiti pande zote, si mawili mawili marefu kama msonobari. Koni zinasimama wima juu ya tawi na kupukutika zikiwa mtini. Ukiokota koni nzima chini, umeokota ya msonobari.

#16 Kitukuu
Samahani kuingilia, kwa nini pinsapo wapo upande wa kaskazini tu? Upande wa kusini ndio unaokabili mvua!

#17 Msitu wa Ukungu
Kivuli, mdogo wangu. Kiangazi kinachoamua uhai ni jua, si mvua ya Januari. Mteremko wa kaskazini haupigwi na jua la mchana, udongo unabaki na unyevu, na ukungu unanasa kwenye majani na kudondoka. Mti huu ni masalia ya enzi za baridi zaidi, umejificha palipobaki pa baridi.

#18 Mwamba Chokaa
Mwamba nao una lake. Chokaa yenye nyufa inaweka maji chini ambako mizizi inafika.

#19 Bi Zamzam
Hapo #18 umechapia, kwa heshima zote. Sierra Bermeja si chokaa, ni peridotiti, mwamba mwekundu wenye chuma na magnesi ambao mimea mingi inaukimbia. Pinsapo wanaota pale vilevile. Mwamba hauchagui.

#20 Mwamba Chokaa
Mwamba unaweza usichague mti ukachagua washindani wake. Kwenye peridotiti wengine hawawezi, pinsapo anabaki peke yake. Kwenye chokaa sababu ni nyingine. Si lazima milima mitatu iwe na sababu moja.

#21 Mzee wa Malisho
Wajukuu, mnazungumzia mawe na ukungu, hamjamtaja mbuzi. Karne kwa karne milima ile ilichungwa mbuzi na kukatwa mkaa. Mbuzi anakula kichipukizi cha pinsapo kabla hakijafika goti. Miteremko ya kusini ilikuwa rahisi kufikika, ikachungwa zaidi. Angalieni ndani ya msitu leo: miti mikubwa ya matawi mazito, na chini yake kundi la miti myembamba ya umri unaokaribiana. Hiyo ni dalili ya malisho yaliyokoma, vichipukizi vikainuka pamoja.

#22 Msitu wa Ukungu
Shikamoo mzee. Hoja nzito. Ila msongamano huo wa miti myembamba ndio unaoleta tabu sasa: ikikosa maji inadhoofika yote kwa pamoja, na kuvu anayeozesha mizizi anapita kutoka mti hadi mti. Ndiyo maana mnaombwa msitoke njiani wala kukanyaga mizizi iliyo wazi.

#23 Ndege wa Genge
Tai Mkongwe amegusa tumbusi, nami niongeze la kwetu. Kila vuli tumbusi wachanga wa Hispania wanavuka mlango wa Gibraltar kwenda hadi Saheli. Huko wanachanganyika na tumbusi wa Rüppell, yule anayezaa kwenye magenge ya Hell's Gate, Naivasha, na Milima ya Gol kule Tanzania. Baadhi ya hao wa Rüppell wanafuata kundi na kutokea kusini mwa Hispania. Wanaonekana huko mwaka hadi mwaka. Wale si lazima watoke kwetu, wapo pia Afrika Magharibi, lakini ni ndege yuleyule.

Kumtofautisha angani: wa Ulaya ana mwili wa rangi ya kahawia ya mchanga na manyoya meusi ya mabawa. Wa Rüppell aliyekomaa ana madoa meupe kama magamba kifuani na mistari myeupe chini ya bawa, na mdomo wa njano iliyofifia. Wachanga wanasumbua hata wataalamu. Mahali pazuri ni Puerto de las Palomas kuanzia saa 5 asubuhi, hewa ikishapata joto la kuwainua. Alfajiri utawakuta wamekaa tu.

#24 Upepo wa Magharibi
Wanafuata kundi au wanafuata joto linalopanda kaskazini?

#25 Ndege wa Genge
Wapo wanaosema joto, wapo wanaosema ni mizoga inayowekwa kwa ajili ya tumbusi huko Hispania, wakati Afrika sumu inawamaliza. Mimi nalipa uzito kundi, kwa kuwa tumbusi hula kwa kuangaliana.

#26 Shangazi Lulu
Jamani chakula! Wanaokula halali wasikilize. Jibini la huko linaitwa payoyo, la maziwa ya mbuzi wa payoya, au kondoo wa hapo, au mchanganyiko. Ni tamu sana. Lakini aina zilizokomaa mara nyingi hupakwa mafuta ya nguruwe nje, wakati mwingine na pumba za ngano. Soma lebo: ukiona neno *manteca*, liache. Waulize pia kimeng'enya cha kugandishia kimetoka wapi. Supu ya Grazalema inapikwa na mkate, mayai na mnanaa, inasikika salama, ila ndani kuna soseji ya nguruwe. Samaki aina ya trauti wa El Bosque ni chaguo zuri, omba akaangwe bila nyama ndani, maana kuna wanaomjaza paja la nguruwe. Na vitamu vya lozi vinaitwa amarguillos, nunua vya kutosha.

#27 Kitukuu
Asante shangazi. Na viza?

#28 Dereva wa Kona
Ni ya Schengen. Ada ya mtu mzima euro 90, bima ya afya isiyopungua euro 30,000, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Nafasi za miadi ndizo zinazochelewesha, hivyo usifanye kibali cha msitu kuwa cha kwanza. Viza, kisha chumba kinachoweza kufutwa, kisha kibali. Epuka wikendi ya Lunes del Toro mwezi Julai, Jumatatu baada ya sikukuu ya Virgen del Carmen, kama hutaki umati: fahali anafungwa kamba na kukimbizwa mitaani, njia za kijiji zinafungwa.

#29 Mzee wa Malisho
Wanaopenda Februari na Machi wajue viwavi wa misonobari. Wanashuka mtini wakiwa wamefuatana mstari mmoja. Nywele zao zinawasha ngozi na macho vibaya, na mbwa akiwalamba anaweza kupoteza ulimi. Vipo kwenye misonobari ile ya mwanzo wa Pinsapar. Usikae chini yake kula.

#30 Karani wa Mvua
Kwa atakayekuta yote yamefungwa: njia ya mto Majaceite, El Bosque hadi Benamahoma, kilomita 5 kila upande, kivuli mwanzo mwisho, haihitaji kibali.  Na barabara ya Kirumi kati ya Benaocaz na Ubrique ni kilomita 3 na kidogo za mawe yaliyopangwa. Anzia Benaocaz, ushuke.

#31 Mpanda Vilima
Bado nasimama na Mei: siku ndefu, maua, Pinsapar wazi. Garganta Verde naikosa kwa hiari.

#32 Tai Mkongwe
Nami na Novemba. Atakayenifuata aombe kibali cha Garganta Verde kwanza, kwani nafasi zake ni chache, na asishuke siku ya mvua wala inayofuata. Chokaa iliyosuguliwa na miguu ya watu ikilowa inateleza kama sabuni, na kule chini kupanda ndiko kurudi. Akiumia mtu, namba ni 112, lakini lazima mmoja apande hadi juu ndipo simu ipate mtandao. Kwa hiyo watatu ndio wachache wanaofaa kushuka.